Kufuli la Skosana

"Mwewe, tumenasa simu ya Majivu. Watakata waya wa nje saa nne kamili. Kagua pampu."

"Nimesikia."

Nonhle Masilela alichomeka redio yake ya Motorola kiunoni, akakimbia. Zilibaki dakika kumi na mbili.

Kwa miezi saba jasusi huyo, Mwewe kwa jina la siri, alikuwa amejifanya fundi katika kituo cha umeme cha Vaalkrans. Kundi lililojiita Majivu liliapa kukiangamiza asubuhi ya uchaguzi. Idara ya usalama ilitafuta bomu kila pembe.

Halikuwapo.

Kwenye swichi ya pampu ya dharura lilining'inia kufuli jekundu lenye picha ya mzee Skosana, fundi mkuu. Umeme ukikatika, pampu hiyo ndiyo hupeleka mafuta ya kulainisha kwenye turbini inayozunguka. Ikikosekana, turbini hupasuka. Watu thelathini na mmoja walikuwa ndani, Nonhle akiwa mmoja wao.

"Likate!" alimwambia Dumezweni, msimamizi wa zamu.

"Umerogwa, dada? Kufuli likiwapo, mwenyewe yuko chini, mikono imo kwenye pampu. Niwashe imsage mzee wa watu?"

Sheria hiyo Skosana ndiye aliyemfundisha Nonhle, siku ya kwanza kazini. Kushuka kumtafuta kungechukua robo saa.

Akashika redio.

"Lango. Skosana yuko wapi?"

"Ametoka saa tatu na dakika kumi. Kagonga kadi."

Nonhle alinyakua mkasi wa kukatia vyuma.

Kufuli likaanguka. Pampu ikanguruma.

Saa nne kamili taa zilizimika. Turbini ilitetemeka, ikapunguza mwendo, ikasimama nzima.

Alimkuta Skosana kwenye maegesho, ndani ya Hilux yake, mikono juu ya usukani. Glock ya Nonhle ilimwelekea kifuani.

"Shuka, baba."

"Nani kanichoma?"

"Kadi yako."

Mzee alifumba macho. "Nisingegonga, vijana wa zimamoto wangeingia motoni kunitafuta. Wale nimewafundisha mimi."

"Na sisi tuliokuwa ndani?"

Mzee alitazama nyaya za umeme juu yao.

"Kwetu zinapita tu, mwanangu. Miaka arobaini. Hata balbu moja hatujawasha."

"Najua. Nimekula kwako kwa mwanga wa mshumaa."

Akamtia pingu, akamkabidhi kwa askari. Kisha akarudi langoni kugonga kadi yake.

Namba kwenye ubao wa kuhesabu waliomo ndani ilishuka: thelathini.

Nonhle aliitazama kidogo, akaondoka kwa miguu, kufuli likimgonga mfukoni.