Mapazia ya Bi Augusta

Kabla hakujapambazuka, Dulcie, mtumishi wa nyumba, alikuwa akikwangua majivu ya jiko, krr, krr, polepole ili asimwamshe tajiri wake. Saa kumi na mbili na nusu alipanda na chai. Bi Augusta Winnall, ambaye hakuolewa na alimiliki nusu ya maduka ya mji wa Adelaide, alikuwa kitandani amekufa. Mto ulikuwa sakafuni. Mkufu wake wa zumaridi haukuwapo.

Saa mbili mpelelezi Enid Pengelly alipofika, mkufu ulikuwa umeshapatikana chini ya godoro la Dulcie. Aliyeagiza chumba kipekuliwe ni Lionel, mtoto wa marehemu kaka yake Bi Augusta, aliyepigiwa simu na polisi akaja na gari lake refu la rangi ya maziwa.

Enid alimkuta binti jikoni anatetemeka. Kabla ya swali lolote, akamvika koti lake mwenyewe.

"Watanitia kitanzi, mama?"

"Hatiwi mtu kitanzi kwa kusingiziwa. Niambie ulivyoingia, usiruke kitu."

"Nilikuta giza. Mapazia yamefungwa, na yeye hayafungi hata siku moja, hupenda kuona jua likitoka milimani. Nikayafungua, na dirisha pia. Sisi wa ukoo wa Wajerumani waliohamia bondeni, mtu akifa tunafungua dirisha, roho ipate njia."

"Umemwambia nani?"

"Nani kaniuliza? Wewe tu."

Enid alitafakari. Katika nyumba kubwa za mjini, mtu akifa mapazia hufungwa papo hapo. Watoto hulelewa hivyo. Mwizi mwenye haraka angeyafunga ya nini?

Sebuleni, Lionel alikuwa akiwasha sigara, tai yake ya hariri imenyooka.

"Ulilala wapi, bwana?"

"Klabuni. Sijapanda ngazi hizo tangu Krismasi. Mwizi yuko jikoni, na wewe bibi unanihoji mimi?"

"Yule binti amemfanyia marehemu adabu ya kwao."

"Adabu! Dirisha limeachama, majirani wanachungulia! Mapazia yamefungwa vizuri, yeye anakwenda kuyafungua!"

Enid alimtazama bila kupepesa.

"Nani alikwambia yalikuwa yamefungwa?"

"Yeye... huyo binti."

"Hakusema na mtu ila mimi. Uliyafunga wewe, Bwana Lionel. Umelelewa vizuri. Ulipomaliza kumziba pumzi shangazi yako, mkono wako ukakumbuka adabu. Kisha ukaupeleka mkufu chini ya godoro la Dulcie, yeye akiwa jikoni."

Lionel aliketi ghafla. "Leo shangazi angeitoa nyumba hii iwe hospitali ya kujifungulia. Wanawake wa bandarini wazalie chumbani kwa baba yangu!"

"Wewe una nyumba ngapi?"

"Nne," akasema, kwa sauti ndogo.

Askari alipomshika mkono, Enid alimwambia amsubiri Lionel avae koti, nje kulikuwa na baridi.

Dulcie alimsindikiza Enid hadi getini, akamrudishia koti alilomvika.

"Narudi kwa mama, bondeni. Uje, Bi Enid. Uje tena hata mara mia, ila huko maswali nitauliza mimi."