Vidonge Alivyonunua Mwenyewe

"Haya, hivi ni nini?"

Mama mkwe alikitupa kipakiti cha vidonge juu ya meza ya sebuleni, kikateleza mpaka kwenye kikombe cha shangazi mtu. Msusi alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo ameikandamiza tumboni. Alikuwa ameitwa kutoka kitandani, na hata pole hakupewa.

"Ni dawa yangu, mama."

"Dawa! Wifi, umesikia? Vidonge vya kuzuia mimba siku hizi vinaitwa dawa!"

"Tunasubiri mjukuu mpaka macho yanatutoka," shangazi akasema, "kumbe mwenzetu alishafunga duka zamani."

Msusi alimtazama mumewe. Fundi Friji, ambaye mtaa mzima unamjua kwa kuongea mpaka na mafriji anayoyatengeneza, alikuwa anachunguza kucha zake.

"Mume wangu, waambie."

Akahamia kucha za mkono wa pili.

"Awaambie nini?" mama mkwe akadakia. "Si ndiye aliyevifuma! Kanieleza mwenyewe, ulivificha chini ya godoro. Mtoto wa watu analala juu ya vidonge, hana habari!"

Chini ya godoro? Msusi alidhani hakusikia vizuri. Vidonge vyake vilikaa peupe siku zote, mezani, karibu na kioo chake. Na aliyekuwa akivinunua kila vinapokaribia kuisha ni huyu huyu bwana wa kucha. Ndiye aliyekaa naye mbele ya daktari bingwa wa kina mama, yule anayefika hospitali ya mji wao kwa nadra, akasikia kwa masikio yake mwenyewe: utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi umeota nje ya kizazi, kila mwezi unavimba na kuvuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea. Upasuaji unafanyika mbali na foleni yake ni ndefu. Kwa sasa mtautuliza nyumbani: vidonge hivi bila kukatisha, dawa ya maumivu mapema kabla hayajapanda, maji ya moto, na mgonjwa apumzike. Fundi Friji aliitikia kila neno. Walipofika nyumbani ndiye aliyebandika maji jikoni.

"Nakuuliza mbele ya mama na shangazi," Msusi akasema. "Nani alinunua vidonge hivi?"

Fundi Friji akakohoa.

"Mimi... mimi mambo ya wanawake siyajui."

Akamruka! Mchana kweupe, mbele ya ndugu zake, mwanaume mzima akamruka mkewe.

Mama mkwe hakungoja zaidi. Alikwapua kipakiti, akaingia chooni, wakasikia maji yakivutwa. Fundi Friji hakunyanyuka hata kidogo. Msusi ndiye aliyenyanyuka, akashika ukuta ili asianguke, akaenda chumbani na kutoka na mkoba.

"Sasa unakwenda wapi?" mume akauliza.

"Mambo ya wanawake. Wewe huyajui."

Alikwenda kwa Kiberiti, shoga yake na mwenye saluni wanayofanyia kazi. Jina hilo alipewa na wateja, maana haichukui muda kumwasha. Kwenye chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya rasta, Kiberiti alimtandikia godoro, akampa uji, akasubiri aumalize ndipo akampa dawa ya maumivu. Vidonge vya mezani alikuwa amevimaliza, vipya vimemwagwa, na duka la dawa wanangoja mzigo. Na mwili ulishaanza kudai. Maumivu yalishuka kiunoni, yakaingia mapajani, Msusi akauma kona ya mto ili wateja wa mbele wasimsikie.

Simu ya Msusi ikalia mlio wa meseji. Kiberiti akaisoma kwa sauti.

"Mke wangu, pole. Umefika salama? Kula kwanza ndipo unywe dawa, unajua tumbo lako. Funga chupa na taulo isikuunguze."

Akaitazama simu kama imemtemea mate.

"Huyu mwanaume ana akili timamu? Asubuhi kakuruka, sasa anakuuguza kwa meseji!"

"Ndivyo alivyo. Tukiwa wawili, hana mfano."

"Hana mfano wapi! Hebu ngoja. Si ulikuwa na ile sauti yake ya dukani?"

Ilikuwepo. Kiberiti akaibonyeza, na chumba kikajaa sauti ya Fundi Friji, laini, yenye haraka: "Mke wangu, niko duka la dawa. Boksi wamebadilisha, sasa lina mstari wa kijani. Ndivyo vyenyewe au wananiuzia vingine? Nikuchukulie na ya maumivu?"

"Mrushie mama mkwe wako! Sasa hivi! Nipe namba yake."

"Hapana."

"Bado unamlinda?"

"Simlindi!" Msusi akainuka kwa kiwiko, macho mekundu. "Nikiirusha mimi, nitakuwa nimesema mimi. Nataka kisikike kinywa chake. Ananipenda mlango ukiwa umefungwa, ukigongwa tu hanijui. Leo ni vidonge. Siku nikizimia atawaambia nini? Kwamba nilikuwa naigiza?"

Kiberiti akaiweka simu kando ya mto, akaenda kuchemsha maji.

Jioni Fundi Friji akapiga.

"Mke wangu, vumilia kidogo tu. Mama akipoa nitampanga."

"Utampanga?"

"Unamjua mama. Ana presha."

"Na mimi nina nini? Mafua?"

"Si hivyo..."

"Kwanza nijibu. Godoro lilitoka wapi?"

 Habari ikamtoka kidogo kidogo, kama mtu anayeng'olewa jino. Mama yake alikuwa anatafuta bisibisi kwenye begi lake la kazi, akakuta boksi jipya. Akamuuliza ni la nani. Yeye akababaika.

"Nikasema nimelikuta kwako, chini ya godoro. Nilihisi atasema mke ananituma vitu vya kike, nimekaliwa. Lilinitoka tu."

"Lilikutoka tu. Ukaona bora mimi niitwe muuaji wa wajukuu kuliko wewe uitwe bwege."

"Nisamehe."

"Sitaki nisamehe. Waambie ulichofanya, kwa mdomo wako. Kama huwezi, usinipigie tena."

Akakata.

Fundi Friji alitokea saluni siku ambayo viti vyote vilikuwa vimejaa. Macho yamevimba, mkononi ana mfuko wa dawa. Alikuwa amevifuata vile vidonge mpaka mji wa pili. Msusi alikuwa amekaa kwenye stuli anamsuka mteja, mgongo umeegemea mto.

"Weka hapo," akasema bila kugeuka.

"Tutoke nje tuongee."

"Nje kuna nini? Nimetukanwa mbele ya watu, nawe uliona. Ongea hapa hapa."

"Mbele ya hawa?"

"Sisi hatusikii, baba, endelea," alisema mama mmoja, akakitoa kichwa chake chote kwenye mashine ya kukaushia nywele ili asipitwe.

Fundi Friji alijifuta jasho. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Mama, unanisikia? Vile vidonge nilivinunua mimi."

"Vidonge vipi?"

"Vya mke wangu. Nilivinunua mimi, na vya nyuma yake pia. Mke wangu anaumwa, mama. Daktari alivitoa vimtulize maumivu, nami nilikuwepo. Hakuficha kitu. Habari ya godoro niliitunga."



"Mpumbavu wewe!" Mama yake alilipuka mpaka spika ikakoroma. "Ulinikalisha pale nikamwaga dawa ya mgonjwa huku unaniangalia? Na shangazi yako ameshatangaza ukoo mzima! Mko wapi?"

Mama mkwe alikuja mwenyewe, anahema, kiatu kimoja hakijafungwa. Mtu akamwachia kiti, akakikataa. Alisimama katikati ya saluni, nywele za watu zimetapakaa miguuni pake.

"Mwanangu, nilikutukana, na dawa yako nikaimwaga. Hapa mbele ya wenzako, nisamehe. Na shangazi nitamwambia mimi."

Msusi aliweka kitana chini. Machozi aliyoyazuia tangu siku ile yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Wewe nimekusamehe, mama. Wewe ulidanganywa. Huyu alijua."

Fundi Friji akasogea hatua moja.

"Nimeshasema, mke wangu. Si umesikia? Nimesema mbele ya wote. Twende nyumbani basi."

"Umesema, ndiyo. Baada ya mimi kulala kwenye maboksi." Alichukua mfuko wa dawa, akautia mfukoni mwa aproni yake. "Nitarudi siku nitakayoamini kwamba mama yako akiingia mlangoni, wewe bado ni mume wangu. Leo siamini."

Akamgeukia mteja wake, akamwomba ainamishe kichwa.