Gonga Tatu, Njoo Tule

Kijana aliyekuwa amebeba tuyo, bomba refu la chuma, begani, pale bichi ya Kindu mitumbwi inapopakia watu wa kwenda Alunguli, hakuwa na habari na dunia. Alisikia anaitwa, akageuka. Tuyo nalo likageuka. Likapita juu ya beseni la samaki, likamkosa mzee mmoja aliyeinama kufunga kiatu, likakipiga kilemba cha msichana mmoja aliyekuwa anauza samaki, kilemba kikaanguka matopeni.

"Weye! Unataka kuniua?"

Kijana akageuka upande wa pili kuona nani anapiga kelele, na tuyo likamfuata. Bichi nzima ikainama. Wamama wa samaki wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Pole, dada! Pole sana! Sikukuona!"

"Ungenionaje na kisogo?"

Msichana alikuwa amevaa blauzi ya manjano na kikwembe cha maua mekundu, na nywele zake mpya, zilizosukwa jana yake tu, sasa zilikuwa wazi mbele ya watu. Kijana alivaa salopeti ya buluu ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Msichana akaikamata ncha ya tuyo, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake ya kufungia.

"Haya meno, nani alikata?"

"Miye."

"Itavuja."

Kijana akabaki mdomo wazi. "Dada, unauza samaki ao uko plombie?"

"Samaki ni ya mama. Miye niko plombie."

"Mwanamuke plombie?"

"Na weye mwanaume kipofu. Kila muntu na yake."

Basi hapo mambo yalianza, na mimi sioni ajabu, maana mapenzi mengi ya mji huu yameanza kwa matusi. Msichana aliitwa Josiane Mbelu, mtoto wa watu wa Kasai walioletwa Kindu na kazi ya reli. Kijana aliitwa Bulaimu, mzaliwa wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Wote wawili walikuwa wametoka kupata diploma za ufundi wa maji, kila mmoja na shule yake, na wote wawili waliamini kwamba mji wenye kiu hauwezi kumnyima fundi bomba kazi. Vijana!

Mwanzoni hawakukosea. Patron Kazadi, mfanyabiashara mkubwa, alikuwa anajenga hoteli ya ghorofa karibu na kwao Josiane, akawachukua wote wawili. Bulaimu alikaa juu ya paa kwenye tangi. Josiane alikuwa chini kabisa, barabarani, kwenye robine, bomba la maji ambalo patron aliwaachia majirani wachote. Simu hazikuwa na inite za kupigia, na sauti haikufika. Wakaanza kusemezana kwa kugonga tuyo na ufunguo wa mabomba, maana chuma kinasafirisha mlio vizuri. Gonga moja: funga. Gonga mbili: fungua.

Siku moja tuyo likagongwa mara tatu. Josiane akapanda ngazi mbiombio, moyo juu, akidhani mtu ameanguka.

"Nini? Kuna nini?"

"Tatu ni njoo tule," alisema Bulaimu, na sahani ya wali na majani ya sombe mapajani.

"Nani alisema?"

"Miye patron wa juu. Kaa, mupenzi, sombe inapoa."

Tangu siku hiyo Josiane alipagawa. Hata nyumbani aligonga kifuniko cha sufuria mara tatu, mpaka mama yake, Mama Hélène, akauliza hiyo ni adabu ya wapi. Alipoelezwa, mama aligeukia ukutani ili binti asimwone anacheka. Na inite zikipatikana, ilikuwa hivi:

"Allo, bibi wa robine?"

"Allo, bwana wa tuyo. Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haijaze tumbo."

"Inajaza moyo. Tumbo itangojea mahari iishe kulipwa."

"Kelele! Mama iko hapa."

Halafu vita vikarudi mashariki. Miji mikubwa ilianguka, na kila asubuhi Kindu iliamka na uvumi wake: wamefika hapa, wamefika pale, mwenye jamaa porini amtoe. Bidhaa zikaacha kuja. Benki zikafunga milango. Watu wa miradi, wale wa magari meupe, wakapanda ndege na hawakusema watarudi lini. Patron Kazadi alisimama mbele ya hoteli isiyo na madirisha, akawaambia mafundi waende nyumbani.

Waliosoma ufundi na Josiane wakawa waendesha pikipiki, wengine wauza mikate. Bulaimu alizunguka na salopeti yake, ambayo sasa ilikuwa imepauka magotini, akipiga hodi mlango kwa mlango. Walimjibu kwa upole, na upole ule ulimuua zaidi. "Mwanangu, muntu hajue kama kesho atalala hapa, atafunga robine ya nini?"

Jioni moja alipiga simu, na sauti yake haikuwa na utani.

"Josi, naenda Kampene."

Josiane alikaa chini pale pale aliposimama, kwenye mavumbi.

Msomaji, ujue jambo moja la nyumba ile. Baba yake Josiane, Tshimpaka, alikuwa mtu wa reli. Vita vya zamani vilipokata reli na mshahara ukafa, alifunga viatu vyake, akamwambia mkewe, "Miye siogope. Naenda Kampene kuchimba zahabu, nitarudi na kitu." Josiane alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba hakurudi. Wengine walisema shimo lilimfunika, wengine walisema ni watu wa bunduki njiani. Tangu hapo Mama Hélène hakujua amlilie wapi, kwa hiyo hakuwahi kulia.

"Allo? Josi?"

"Usiende."

"Nitakula nini hapa? Nitakuoa na nini?"

"Usiende, Bulaimu. Nakuomba. Tutauza samaki, tutafanya hata nini."

"Miye mwanaume. Siwezi kukaa nalishwa samaki ya mama yako. Watu wote wanaenda."

"Basi enda!" alipiga kelele, na hofu ndiyo iliyopiga kelele ile, siyo yeye. "Enda, na usinipigie tena! Usikanyage mulango yetu tena, unasikia?"

Alikata simu. Akangoja ipigwe. Haikupigwa. Asubuhi alijishusha akampigia mwenyewe, ikawa haipatikani. Rafiki yake Princesse, anayeuza maandazi karibu na kituo cha moto, zile pikipiki za abiria, alikuja akivuta miguu.

"Nilimuona, ndugu yangu. Alipanda moto ya Kampene na sipu ya kuchimbia begani. Aliniambia nikusalimie, halafu akasema hapana, usimwambie kitu."

Hofu ni mgeni asiyeaga. Ilikaa na Josiane mezani, ikalala naye, ikaamka kabla yake. Kila siku alipiga namba ile, na kila siku alijibiwa na sauti ya mashine. Kisha redio ikasema shimo limeporomoka Kampene na wachimbaji wako chini. Majina hayakutajwa. Mama Hélène alinyoosha mkono, akaizima, akaendelea kupaa samaki. Kisu kikateleza, akajikata.

"Mama..."

"Usiseme kitu, mwanangu. Tukisema, itakuwa kweli."

Asubuhi moja, si siku nyingi baada ya hapo, Josiane alikuwa kwenye foleni ya maji mbele ya hoteli ya patron. Mvua ya juzi ilikuwa imejaza tangi la paani, na wanawake walikuwa wengi, mabido, madumu ya manjano, yamejipanga mpaka barabarani. Walikuwa wanasimuliana habari za vita kwa sauti ndogo. Ndipo maji yakakatika, na tuyo likalia.

Ko. Ko. Ko.

Mwanamke aliyekuwa anachota aliruka, bido likapinduka. "Hii robine iko na pepo!"

Ko. Ko. Ko.

Wakatawanyika, mmoja anaita Yesu, mwingine anasoma Fatiha. Bibi mmoja akasema ni wafu wa vita vya zamani, wale waliozikwa haraka haraka bila sala, sasa wanadai. Mabido yakabaki yamelala njiani. Josiane peke yake hakukimbia. Si kwa ushujaa, aliujua mlio ule.

Gonga tatu. Duniani ni watu wawili tu waliogonga vile, na mmoja alikuwa chini ya ardhi ya Kampene. Tangu utoto mama yake alimfundisha: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Na huyu alikuwa anamwita kula! Nani asiyejua kwamba anayekula na marehemu harudi? Alimwona Bulaimu akilini mwake, mdomo umejaa udongo, sahani mapajani.

Lakini aliwaza pia, kama ni yeye, na ni mfu, je, nimwache agonge peke yake?

Akaokota jiwe. Akagonga mara mbili. Fungua.

Kimya. Akaweka sikio kwenye tuyo. Kisha huko juu mtu akafungua vali, na maji yakaja kwa nguvu kwenye robine, yakamlowesha kikwembe na miguu.

Mfu hafungui vali. Josiane alipanda ngazi zile zisizo na kingo akishikilia ukuta, analia, anatukana, anaomba Mungu, vyote pamoja.

Alikuwa amekaa nyuma ya tangi. Amekonda, ndevu zimeota ovyo, salopeti imechanika, hana viatu. Alipomwona alijikinga uso.

"Usinipige."

Alimpiga. Kofi moja, la pili, halafu akamkumbatia, akamnusa shingoni kama mama anavyomnusa mtoto aliyetoka kupotea.

"Uko muntu? Niambie uko muntu!"

"Niko muntu, Josi. Niko muntu."

"Simu yako iko wapi? Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Simu niliuza njiani. Na nyumbani ulinifukuza. Nilijua asubuhi unakuja kuchota." Alitazama miguu yake. "Tena niliona haya. Nilitoka hapa nikijigamba, nitarudi na zahabu. Josi, walinifunga kamba kiunoni. Nikashuka mpaka kifua. Mikono ikaanza kutetemeka, pumzi ikakata. Nikalia kama mutoto, nipandisheni, nipandisheni. Walicheka! Waliniita bibi harusi. Nikarudi kwa miguu."

"Na lile shimo redio ilisema..."

"Njo lile. Wale waliocheka..." Josiane alimshika kichwa, akakiweka begani kwake.

"Miye niko mwoga, Josi. Sasa unajua."

"Baba yangu hakuogopa," alisema Josiane. "Njo maana siko na baba."

Walikaa. Chini wanawake walikuwa wanarudi mmoja mmoja kuchukua mabido yao, wanachungulia robine kwa mbali. Ndege ya jeshi ilipita juu ya mto, na wote wawili waliifuata kwa macho bila kupumua mpaka ikapotea.

"Kazi haiko," alisema Bulaimu. "Nimetembea tena. Kuna mama mmoja tu, aliniambia nije kesho kuzibua choo."

"Choo ni kazi. Nitakuja na ufunguo wa mabomba."

"Na vita ikifika hapa?"

"Sijui. Naogopa. Tutaogopa pamoja, basi."

Bulaimu aliinua uso. Kidogo, kidogo sana, yule kijana wa bichi alirudi machoni mwake. "Kwa hiyo unaweza kuolewa na mwoga asiye na kazi, asiye na viatu?"

"Unaniuliza ao unaniomba?"

"Naomba."

"Basi ndiyo. Lakini meno ya tuyo nitakata miye."

Bulaimu alikuwa anataka kucheka tuyo lilipolia tena. Ko. Ko. Ko. Polepole, kwa mkono mzito.

Walitazamana. Bulaimu mikono yake ilikuwa mitupu, na ya Josiane pia. Josiane alitambaa mpaka ukingo wa paa, akachungulia.

Mama Hélène alikuwa amesimama peke yake kwenye robine, jiwe mkononi, kikwembe chake cha nyumbani kimefungwa upande. Wanawake walikuwa wamekimbia kumwambia kwamba binti yake ameitikia pepo na kumfuata juu. Alikuja kumdai pepo huyo binti yake, kwa lugha pekee aliyojua pepo anaielewa.

"Mama, ni Bulaimu!" aliita Josiane. "Ni muzima!"

Waliposhuka, Bulaimu akijificha nyuma ya Josiane, mama alimtazama kijana tangu kichwani, taratibu, mpaka kwenye nyayo zilizopasuka kwa njia ndefu. Bulaimu akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Niliogopa, nikarudi."

Jiwe likamtoka mkononi.

"Kumbe watu wanarudi kutoka Kampene," alisema Mama Hélène.

Alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika, akaweka mikono kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu Josiane alipokuwa anabebwa mgongoni, alimlilia mume wake. Alimlilia kwa jina lake, Tshimpaka, Tshimpaka wangu. Wanawake wa foleni wakaja kukaa naye. Josiane alimshika upande mmoja, Bulaimu upande wa pili, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipomaliza alijifuta na ncha ya kikwembe, akamtazama Bulaimu.

"Miguu hiyo inataka maji ya moto," alisema. "Simama. Wali iko kwenye moto."