Sindano Isiyokubali Kung'aa

Walipofungua karakana asubuhi, walimkuta Fundi Mkuu amelala sakafuni, chini kabisa ya ghala la juu, shingo imepinda. Kando yake kulikuwa na kipande cha ukingo wa chuma kilichokatika kutoka juu. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Sajenti aliyepewa kesi alikuwa mtu wa maneno machache. Alipanda ngazi, akachuchumaa mahali ukingo ulipokatika. Kwa nje kiungo kilichochomelewa kiling'aa. Ndani kilijaa matundu, kama mkate ulioumuka vibaya.

"Nani alichomelea hapa?"

"Mimi, afande." Alikuwa mwanagenzi wa kike, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho yamemvimba. Pembeni yake alisimama mjomba wake, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, aliyemlea tangu afiwe na baba. Alikuwa amekuja mbio, aproni ya ngozi bado kiunoni.

"Matundu haya hukuyaona?"

"Niliyaona ya juu. Nikayasugua kwa msasa mpaka yakapotea. Niliona aibu kumwita Fundi tena."

"Tena?"

"Wiki nzima sindano yangu inaharibika. Fundi akasema ni mkono wangu, eti naigusisha kwenye chuma."

Sajenti akavuta kiti. "Nieleze kama unamweleza mama mkwe. Taratibu, na usiruke kitu."

Binti akaonyesha tochi ya kuchomelea. Moto, alisema, unatoka kwenye kisindano cha tangsteni, metali isiyoyeyuka kirahisi, na gesi inakizunguka ili hewa isikifikie. Kisha akamwaga sindano mbovu mezani.

"Hii niliigusisha kweli, siku za mwanzo. Ona donge hapa nchani. Hizi nyingine hazina donge. Ni nyeusi mwili mzima."

"Maana yake?"

"Gesi haikuzilinda. Hewa imepenya, ndiyo pia iliyoacha matundu kwenye kiungo."

"Basi muuza gesi kakuuzia uchafu."

Muuza gesi akaitwa. Alifika akitokwa na jasho, anaapa kabla hajaulizwa. Sajenti akaamuru mtungi uleule wa binti ufungwe kwenye mashine ya marehemu. Binti akanoa sindano mpya kwenye jiwe safi, akakwangua chuma mpaka kikawa cheupe, akawasha. Sindano ilitoka inang'aa. Akahamia kwenye mashine yake na mtungi uleule, sindano ileile, chuma kilekile. Ikatoka nyeusi kama mkaa.

"Mungu si Athumani," muuza gesi akashusha pumzi.

"Mkono ni uleule, gesi ni ileile," Sajenti akasema. "Umebaki mpira wa gesi. Nipeni maji ya sabuni."

Akaupaka mpira kuanzia kwenye mtungi. Nyuma ya mashine, karibu na ukuta, povu likaanza kututumka.

"Huku nyuma huwa anakaa nani?"

"Hakuna mtu," binti akajibu. "Labda Mjomba, akiniletea chakula mchana."

"Panya hao, afande," mjomba akadakia. "Heri mpira ubadilishwe tu. Matundu mawili hayazibiki."

Sajenti akainuka polepole. "Mimi nimeona moja."

Sajenti akaendelea kupaka sabuni, na chini ya kamba iliyofunga mpira kwenye mguu wa meza, povu la pili likatoka. Akaukata mpira, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Matundu yote yalikuwa membamba, yamechomwa kwa mshazari, hayana hata alama ya kutafunwa.

"Panya ana meno, mzee. Hana msharasi wa kutobolea ngozi."

Fundi viatu akatazama mikono yake. Hakukana.

"Baba yake alikufa akichomelea tangi la mafuta," akasema. "Tulimzika jeneza limefungwa, mama yake, dada yangu, akasihi walau aone uso. Huyu naye akaja kuniambia anataka kazi ileile." Akamgeukia binti. "Nilitaka ushindwe tu, mwanangu. Uchoke, urudi kwangu tushone viatu. Sikujua kama mtu ataegemea pale. Wallahi sikujua."

"Si ungeniambia, Mjomba?"

"Nilikuambia. Ulicheka."

Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amecheka kweli, na siku ile lilikuwa jambo la kuchekesha.

Sajenti akamshika mzee kiwiko. Walitoka bila pingu, wakavuka barabara, wakapita mbele ya kibanda chake kilichobaki wazi.

Baada ya mazishi binti alikwenda kwa mjane wa Fundi. Alisimama mlangoni, akasema kiungo kile alikiona kibovu, akakisugua kiwe kizuri kwa nje na kunyamaza. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfukuza, wala hakumwambia karibu ndani. Walisimama hivyo, mlango nusu wazi, mvua ikaanza kunyesha.