Mtu Hapimwi Akiongea

Jirani zangu, sogeeni niwape habari ya kiwanda cha mikate kinachotazamana na saluni yangu. Mimi ni msusi. Msusi ana mikono miwili na masikio mawili, na vyote vinne hufanya kazi kwa pamoja. Mengi nitakayosimulia nimeyaona dirishani kwangu. Mengine nimeambiwa na mke wa mwenye kiwanda akiwa amekaa kwenye kiti changu, na mtu anayesukwa hana pa kukimbilia. Mwenye kiwanda mwenyewe ameniruhusu niyaseme. "Waambie wote," alisema, "hata sehemu ya aibu."

Asubuhi za mtaa wetu ni nzuri, na uzuri wake hutoka kiwandani humo. Jua halijachomoza, harufu ya mkate imeshaingia madirishani na kuwaamsha hata wavivu. Ndani, mkandaji, mwanamume mwembamba na mpole, hukanda unga huku akiimba. Mama wa tanuri, mpana wa mabega na mwepesi wa utani, humwitikia huku akivuta trei za moto. Mke wa mwenye kiwanda hupanga mikate kwenye kaunta na kuifunika kwa kitambaa cheupe. Ukipita hapo utasema, hawa watu wamebarikiwa.

Lakini siku zile, mlio wa pikipiki ya mwenye kiwanda ukisikika kwenye kona, wimbo ulikatika.

Wafanyakazi walimwita Radi, bila shaka nyuma ya mgongo wake. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alilipa mishahara kwa wakati, na mfanyakazi akifiwa, yeye alikuwa wa kwanza kufika msibani. Lakini alijua njia moja tu ya kuongoza, nayo ni kufoka. Trei ikikaa upande, alifoka. Ikikaa sawa, aliuliza nani kaigusa. "Wafanyakazi ni kama mikate," alipenda kujisifu. "Bila moto haiivi."

Sasa, bwana huyu alikuwa na shinikizo la damu, hii tunayoiita presha. Daktari alimwambia mapema, akampa vidonge vya kumeza kila siku na kumkataza chumvi nyingi. Alivimeza kwa muda, akajisikia mzima, akaviweka kabatini nyuma ya chupa ya mafuta.

"Dawa ni za mgonjwa," alimwambia mkewe. "Mimi naumwa wapi?"

Kichwa kilipomgonga ndipo alipomeza kimoja, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili anyamaze. Mezani alimwagia chakula chumvi kabla hajakionja. Na akienda kupimwa, kulikuwa na kioja. Muuguzi akimfunga mkono kile kitambaa cha mashine, yeye alikuwa akifoka kuhusu foleni. Namba ikitoka juu, alisema, "Mashine yenu mbovu. Pima tena." Ikitoka juu tena, aliondoka kwenda zahanati nyingine. Baba yake mzazi alikuwa ameanguka kwa ugonjwa huohuo na hakuinuka. Mkewe alijua hilo, na kila pikipiki ilipochelewa kurudi, moyo wake ulikuwa mkononi.

Kwa hiyo mama wa watu akafanya alichoona ni busara. Siku moja mumewe akiwa hayupo, aliwakusanya wafanyakazi.

"Jamani, nawaomba kama ndugu zangu. Likitokea lolote baya humu, msimwambie Mzee. Presha itampanda."

Wakakubali, kwa sababu walimpenda mama huyo na walimwogopa mumewe. Ukawa ndio utaratibu wa kiwanda. Mikate iliyoungua ilipitishwa mlango wa nyuma chini ya magunia. Bawaba ya mlango wa tanuri ilipokatika, waliufunga kwa waya na kuupaka masizi usionekane. Mteja akilalamika, mke wa Mzee alimfuata hadi nje akamwomba radhi kwa kunong'ona. Kila mtu akawa mlinzi wa presha ya Mzee. Mnaona, jirani zangu? Wema mtupu. Na wema huo nusura umuue.

Ilikuwa hivi. Alfajiri moja mkandaji alikuwa akitia chumvi kwenye unga, Radi akampigia kelele kutoka mlangoni kuhusu ndoo iliyoachwa njiani. Mkandaji akakimbia kuiondoa. Aliporudi hakukumbuka kama chumvi ameshatia au bado, akatia tena. Baadaye aliona donge linasita kuumuka. Akaonja, uso ukamkunjamana.

"Dada," alimnong'oneza mama wa tanuri, "nimetia mara mbili."

"Nyamaza," mwenzake akamjibu. "Unataka umuue Mzee? Choma hivyohivyo, watu watakunywa maji."

Mikate ikatoka. Jua halijapanda vizuri, wateja walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja na mkate wake ulioumwa upande mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nao, sifichi. Radi akatokea, akaonja, na hapo ndipo tuliposikia kwa nini aliitwa Radi. Alianza na mkandaji, akahamia kwa mama wa tanuri, akampiga teke gunia la unga. Gunia lilipogonga mlango wa tanuri, waya ulikatika na mlango ukaning'inia mbele ya macho yake.

"Na hii nini? Nani... na..."

Neno likamkwama. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukalegea, mkate ukamponyoka, naye akaketi juu ya gunia la unga taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka. Mkewe alipiga yowe ambalo nalisikia mpaka leo. Niliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nikavuka barabara mbio. Mkandaji yuleyule aliyekuwa akitukanwa ndiye aliyembeba bosi wake mgongoni hadi kwenye gari la kusambazia mikate, akakimbizwa hospitali.

Mungu ni mwema. Kufikia jioni mdomo ulikuwa umerudi mahali pake na mkono unashika kikombe. Daktari akamweleza bila kumung'unya maneno: "Safari hii kiharusi kimebisha hodi tu. Usipotumia dawa kila siku, siku nyingine kitaingia bila hodi."

Asubuhi muuguzi akaja na mashine. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye miwani na subira ndefu. Alipomfunga mkono tu, Radi akaanza: mkandaji mzembe, mama wa tanuri mzembe, mke wake...

"Mzee wangu," muuguzi akamkata, "nyamaza kwanza. Mtu hapimwi akiongea. Namba haitoki sawa."

Akanyamaza. Mashine ikavuma, ikatulia. Namba ilikuwa juu.

"Mbovu hiyo. Pima tena."

Muuguzi akavua miwani. "Nimeambiwa umezifokea mashine za kila zahanati hapa mjini. Hii nayo ifokee ukitaka. Tofauti yake na watu wako ni moja tu, yenyewe haikuogopi."

Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni, aliinama akaanza kulia. Ndipo akamweleza mumewe yote: mikate iliyopita mlango wa nyuma, waya, masizi, wateja wa kunong'onezwa, na zaidi ya yote, vidonge alivyokuwa akiviona nyuma ya chupa ya mafuta na kuogopa kuuliza.

"Kwa hiyo," alisema Radi, "dawa zile ni kwa ajili ya kufoka kwangu?"

"Hapana," muuguzi akasema. "Kuna wapole wengi wenye presha, na kuna wakali wasio nayo. Dawa ni za presha, na utazimeza ukijisikia mzima au mgonjwa, mpaka daktari aseme vingine. Kufoka kwako kumefanya jambo lingine. Kumewafunga midomo wote ambao wangekukumbusha kumeza."

Aliporuhusiwa kutoka, alifika kiwandani kwa miguu. Nilimwona. Pikipiki haikusikika, kwa hiyo wimbo ulikuwa bado unaendelea, naye alisimama nje ya mlango akausikiliza mpaka mwisho. Baadaye alimwambia mkewe kwamba hakuwahi kujua kama mkandaji wake ana sauti nzuri.

Akaingia. Akavuta kigoda hadi kwenye meza ya kukandia, akakunja mkono wa shati na kuulaza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu, kama pale hospitali.

"Nimekuja kupimwa," alisema. "Nataka kujua mimi ni kiongozi wa namna gani. Mtu hapimwi akiongea, kwa hiyo nimenyamaza. Semeni."

Nani aseme? Mkandaji akatazama sakafu. Mama wa tanuri akaanza kufuta trei iliyokwisha kufutwa. Lakini yule bwana hakuondoa mkono wake mezani.

"Ukiingia asubuhi, Mzee," mama wa tanuri akajikaza, "tunaacha kuimba."

"Ile chumvi," mkandaji akafuata, "niliijua kabla haijaingia motoni. Tungeweza kuuokoa unga ule. Nilikuogopa kuliko nilivyoogopa kuharibu."

Mishipa ya shingo ikamsimama Radi. Kifua kikajaa. Wote walijiinamia wakisubiri ngurumo. Yeye akameza mate.

Mkewe akasema wa mwisho. "Baba Watoto, mimi nimekuwa nikijifunza ujane na wewe ungali hai."

Hapo machozi yakamtoka mwanamume yule mbele ya watu wake, na hakuyafuta. "Ahsanteni," alisema. "Namba iko juu. Lakini safari hii sisemi mashine mbovu."

Siku hiyohiyo wakakubaliana jambo ambalo mpaka leo ndilo desturi ya kiwanda. Kila asubuhi wao wanamuuliza, "Mzee, umemeza?" Naye akishajibu, anawauliza, "Kuna kilichoharibika?" Hakuna kazi inayoanza kabla ya maswali hayo mawili.

Msidhani aligeuka malaika. Wiki ya pili alimfokea mpakuzi wa magunia mpaka wateja wangu wakaruka kwenye viti. Lakini alirudi baadaye kichwa chini, akamwambia, "Samahani, nimeongea wakati wa kupimwa." Pikipiki akawa anaiacha nyumbani. Chumvi ikaondolewa mezani, na kwa siku kadhaa alikula kwa uso wa mtu anayetafuna karatasi, kisha ulimi ukazoea. Vidonge vikahamia karibu na kikombe chake cha chai, na akavimeza kila siku.

Kisha ukaja mtihani. Alipolazwa, Radi aliwahi kuusema vibaya mkate wa hospitali, na mkuu wa jiko akamjibu, "Lete wako basi, wa chumvi kidogo, tuone." Radi akalichukua neno lile kwa uzito. Wakatengeneza kipimo kipya, nusu ya chumvi ya zamani, hospitali ikaonja na kukubali kujaribu. Siku ya kwanza ya kupeleka ikafika. Gari liko mlangoni, dereva ameshawasha. Na mkandaji, kwa mazoea ya mkono, akatia kipimo cha zamani.

Nilikuwa nimesimama pale kaunta nikisubiri mkate wangu. Nilimwona akisimama ghafla, mikono imejaa unga. Akamtazama mama wa tanuri. Mama wa tanuri akamtazama naye, kisha akamwonyesha kwa kidevu upande alikokuwa Mzee.

"Mzee," mkandaji akasema, "nimeharibu. Nimetia chumvi ile ya zamani."

Mkewe akashika ukingo wa kaunta. Uso wa Radi ukabadilika, ule uso wa zamani tuliokuwa tukiujua. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akavuta kigoda, akaketi, akalaza mkono mezani, akavuta pumzi hadi mwisho.

"Ahsante kwa kuniambia mapema," alisema. "Mnaonaje, tufanyeje?"

Jirani zangu, lile "mnaonaje" halikuwahi kusikika ndani ya kuta zile tangu zijengwe.

"Tukande donge jingine la ukubwa uleule bila chumvi kabisa," mama wa tanuri akasema, "tuyachanganye. Chumvi itagawanyika nusu kwa nusu. Nusu ya mikate iende hospitali, nusu tuuze hapa."

"Haya, nipisheni nami nikande."

Radi akapandisha mikono ya shati. Wakakanda bega kwa bega, na mkandaji, sijui alipata wapi ujasiri, akaanzisha wimbo bosi akiwa palepale. Mama wa tanuri akaitikia. Radi naye akaitikia, ameikosea sauti kabisa, na hakuna aliyemficha. "Mzee, hapo umeharibu!" mama wa tanuri akapaza sauti, na kiwanda kizima kikaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza.

Mikate ilifika hospitali ingali na joto. Mkuu wa jiko alikata kipande, akatafuna, akachukua kingine. Tangu siku hiyo wodi zote hula mkate wa kiwanda chetu.

Radi na mkewe, waliokuwa wameisindikiza mikate, walipokuwa wakiondoka hospitali walipitia kwa yule muuguzi wa miwani, kwani ilikuwa siku yake ya kupimwa. Radi aliketi, akalaza mkono, akanyamaza. Mashine ikavuma, ikatulia. Mia moja ishirini na nane kwa themanini.

"Pima tena," alisema Radi.

Muuguzi akakunja uso. "Mzee wangu, tumerudi kulekule? Namba ni nzuri, hujaiona?"

"Mimi nimeiona," alijibu. "Pima tena, mke wangu hakuwa amevaa miwani yake. Nataka naye aione."

FUNZO

Jirani zangu, mficha maradhi kilio humuumbua, nasi mtaani kwetu kidogo tu kituumbue. Presha haiumi kila siku, lakini ipo kila siku. Kwa hiyo meza dawa yako hata unapojisikia mzima, punguza chumvi, tembea, nenda ukapimwe, na namba usiyoipenda usiikimbie.

Nawe uliye mkubwa wa watu, iwe kiwandani, ofisini au nyumbani kwako, jipime pia. Siku moja ingia kimya usikilize kama wimbo unaendelea. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi msusi naongeza, na mkuu asiyesikia la wadogo huanguka mzimamzima. Laza mkono mezani, nyamaza, waache wakuambie, kisha sema ahsante. Na sisi wadogo tuache kuwalinda wakubwa dhidi ya ukweli, maana Mzee wetu yuko hai leo kwa sababu watu wake wameacha kumwonea huruma ya uongo.