Ng'ombe Walitoka Zizi la Bhoke

Jumamosi, mwezi wa Agosti, 1956. Alfajiri kulikuwa na ukungu na baridi, kisha upepo mkavu ukatupulizia vumbi mchana kutwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mtoto wa kiume wa miezi mitano. Nilisoma darasa la tatu tu kwa wamisheni, basi nikipanga maneno vibaya mnisamehe, wasomaji wenzangu. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata walioniumiza.

Mimi ni mtu wa Natta. Mume wangu, Mwita, ni Mkurya wa Gorong'a. Alikuja kwetu akiwa taniboi wa lori la duka, tukapendana, wazee wake wakaleta ng'ombe. Baba yangu aliwakagua meno na kwato akaridhika. Hakuuliza wametoka zizi la nani. Kwetu nani huuliza hivyo?

Siku hiyo lori lilikwenda Tarime kuchukua mahindi. Mwita akasema tukamwonyeshe mtoto kwa Bhoke, mjane wa baba yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Nilifurahi sana... Nilichemsha viazi vitamu vya njiani, nikavifunga kwenye kitambaa. Nilikaa mbele na dereva, mtoto mapajani, Mwita juu ya magunia matupu.

Kwenye kivuko cha Mto Mara tulisubiri mpaka mtoto akalia kwa joto. "Huyu ni dereva mwenzangu," dereva akasema. "Gari likisimama tu, anagomba." Mwita ni mcheshi, lakini hakucheka. Niliona. Sikuuliza.

Jioni tulishushwa njia panda, tukapanda kilima kwa miguu. Wanawake walitupokea kwa vigelegele. Bhoke, mama mrefu mwenye kiko mdomoni, alimchukua mtoto kabla hata sijamaliza kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Marwa wangu amekuja."

Nikamwambia mtoto anaitwa Yakobo.

"Huko njiani, ndiyo. Hapa ni Marwa."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Marwa alikuwa marehemu mume wake. Nikadhani ni utani wa bibi kwa mjukuu...

Ndipo mke wa jirani akaniambia, "Bibi arusi, mumeo umemwonaje? Anavuta kiko kuliko wanaume wetu." Nikamtafuta huyo mume anayesemwa. Kidole chake kilikuwa kinamwonyesha Bhoke!

Nikamgeukia Mwita. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Bhoke mwenyewe ndiye aliyenieleza, bila ukali. Alizaa mabinti tu. Kwao mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, ili watoto wa msichana yule wawe wa nyumba yake. Ndoa hiyo huiita nyumba ntobhu. Ng'ombe ambao baba yangu aliwatazama meno walikuwa wa Bhoke, waliokuja kwa mahari ya mabinti zake. Mimi nilikuwa mke wa nyumba yake. Mwita alichaguliwa kuzaa nami tu. Mtoto angeitwa wa marehemu, mimi ningebaki Gorong'a kulima shamba lake, na Mwita angerudi kwenye lori lake.

Nilimtazama mtoto mikononi mwa Bhoke.

Nasema kweli, desturi hiyo si ubaya kwa anayeijua na kuikubali. Mle uani walikuwamo walioolewa hivyo, na walionekana kuwa na amani. Na Mwita hakuwa na dada ambaye mahari yake ingempatia ng'ombe. Angeoa kwa ng'ombe gani, masikini? Lakini mimi, nani aliniambia? Muda wote ule alikula chakula changu, akanitazama machoni, akanyamaza... Je, huko si kunisaliti?

Bhoke akaleta wembe na maji. Akishamnyoa mtoto nywele za kwanza uani kwake mbele ya wazee, mtoto ni wa nyumba yake, neno limekwisha.

Nilisimama nikamtwaa mwanangu.

"Mama, ng'ombe ni wako, sikatai. Tutafanya kazi mpaka warudi zizini kwako. Lakini mtoto huyu hanyolewi hapa."

Mzee mmoja akasema, "Mwanamke gani huyu, hajui kama ametolewa ng'ombe?"

"Nimetolewa, baba. Sikuulizwa."

Bhoke alivuta kiko chake akanitazama. "Ng'ombe wangu walichagua vizuri," akasema. "Ulimi anao." Lakini wembe hakuuweka chini. Akaita, "Mwita, mwanangu, ugali umeiva. Mtu wa nyumba hii hula chungu cha nyumba hii. Njoo ule."

Nikatoka peke yangu na mtoto, nikakaa juu ya jiwe nje ya boma. Labda nilikuwa mjinga. Labda ningekubali ningepata shamba na heshima. Hata leo sijui kama nilimtendea haki yule mama, maana alimpakata mwanangu kwa upendo wa kweli. Lakini kama ingerudi siku ile, ningesimama tena.

Dada zangu, ng'ombe wakiingia kwenu, msitazame unono wao. Ulizeni wametoka zizi la nani, na wamekuja kuoa kwa jina la nani. Ulizeni mbele ya watu, hata mkiambiwa hamna adabu. Na nyie kaka zetu, msimpeleke mtu asikojua kisha mkatazama viatu. Ng'ombe wale tunawarudisha mmoja mmoja hadi sasa, na mwanangu anaitwa Yakobo.

Giza lilipoanza kuingia nilisikia hatua. Mwita. Akaketi chini karibu na miguu yangu. Nyuma yake akaja Bhoke na kibuyu cha maziwa, akakiweka kati yetu, akarudi ndani. Nilimshukuru kwa sauti ili asikie. Sikuyanywa.

Nikafungua kitambaa. Mwita akakitazama kibuyu, akakitazama kitambaa, akanyoosha mkono.

Jioni ile tulikula viazi vitamu vya njiani, vimepoa na vina vumbi. Mtoto akanyonya akalala, nywele zake zote kichwani.