Lami ya Moto Getini

Mashine ililia "pi!" saa sita na nusu mchana, na mbele yake hapakuwa na gari.

Muhanna bin Zahran alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi, akikaza skrubu ya mwisho. Alitazama barabara: tupu, inameremeta kwa jua. Boriti ya geti ikanyanyuka, ikakaa juu kwa muda ule ule gari linaoutumia kupita, kisha ikashuka.

"Mashallah," alisema mzee Ghasib, mlinzi, kutoka kwenye kiti chake kivulini. "Inafungulia upepo. Nami miaka ishirini na mbili navuta kamba kwa ajili ya watu tu."

"Ami Ghasib, tafadhali."

"Nimesema nini? Nimeisifu."

Muhanna akashuka akinung'unika. Tangu asubuhi ile ya Jumapili alikuwa pale, kwenye geti la nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, kwa sababu mudiri, mkuu wa kiwanda, hataki tena kamba wala mzee. Anataka kila gari libandikwe kibandiko kwenye kioo cha mbele, mashine iliyo juu ya nguzo ikisome kwa mawimbi ya redio likiwa bado mbali, na geti lifunguke lenyewe. Muhanna alikuwa amepasua mfereji mwembamba barabarani, akalaza waya wa kuhisi gari, akaufunika kwa lami ya moto. Alhamisi wakuu wa kampuni wanakuja kuzindua.

Kwake yeye jambo hilo halikuwa la wakuu. Aliishi ndani ya geti hilo hilo, na mkewe Zuweina na binti yao Thureya wa miaka minne, mtoto mwenye kifua kibovu tangu kuzaliwa. Mara mbili mwaka ule walimkimbiza hospitali midomo imegeuka rangi. Usiku uliopita Zuweina alimuuliza, "Baba Thureya, siku kifua kimembana na geti lako likagoma, je?" Akaapa kwamba halitagoma.

Alikwenda kwenye kompyuta ya kibanda cha mlinzi. Iliandika: Gari namba moja, limeingia.

Namba moja lilikuwa gari lake mwenyewe. Lilikuwa nje, chini ya mkunazi, na kibandiko chake cha majaribio kilikuwa mfukoni mwa kanzu yake. Akacheka. Kumbe mashine inasoma mfuko! Akalisahau.

Jioni ndipo alipokumbushwa. Alikibandika kibandiko, akaliendesha gari hadi getini, na geti halikutikisika. Kompyuta ikasema: Gari hili limo ndani. Ndivyo mpango ulivyo. Gari lililokwisha kuingia haliingii tena mpaka litoke, ili watu wasiazimane vibandiko. Nyuma yake magari sita yakaanza kupiga honi.

"Muhanna!" jirani mmoja alipaza sauti dirishani. "Umejifungia nje ya nyumba yako? Tumwite Zuweina akupokee ukutani?"

Watu wakacheka. Muhanna akashuka, masikio yanamuwaka, akaingia kibandani na kuifuta ile rekodi ya mchana. Geti likafunguka. Kufuta kulichukua nusu dakika, na hakufikiria zaidi ya hapo.

Jumatatu alitoka asubuhi, gari likaandikwa limetoka, akaliegesha chini ya mkunazi. Akakibandua kibandiko, akakizungushia karatasi ya foili ya jikoni, akakifungia ndani ya sanduku la chuma la vifaa, akakaa juu ya sanduku kama kuku anayeatamia. Saa sita na nusu: pi! Boriti juu, boriti chini. Gari namba moja, limeingia.

"Laana!" alifoka, akalipiga teke sanduku, akaumia kidole.

Akapunguza nguvu ya mawimbi. Akageuza uso wa mashine. Akabadilisha waya mzima, jua linamchoma kisogo, na mudiri anapiga simu kila saa kuuliza kama tatizo ni mashine au ni Muhanna. Jioni honi tena, kicheko tena, kufuta tena.

Alipofika nyumbani, Thureya alikuwa mkekani anakohoa, anapanga tende ukingoni.

"Anamgawia nani?" aliuliza Muhanna.

"Wageni wake," alisema Zuweina. "Jana alitenga moja. Leo mbili. Mwache acheze. Mimi linalonisumbua ni hicho kikohozi, na hii harufu. Wewe huinusi? Lami. Nimefua kanzu zako zote na bado chumba kinanuka lami."

"Ni kazi yangu hiyo, Mama Thureya. Itaisha Alhamisi," alisema, akalala kwa hasira.

Jumanne akaing'oa mashine yote na kufunga mpya iliyotoka kwenye boksi mbele ya macho yake. Saa sita na nusu ikalia, kwa sauti ile ile, na safari hii Muhanna, aliyekuwa amesimama kimya pembeni ya mfereji akisubiri kama mtu anayemvizia mwizi, alisikia kitu kingine chini ya ule mlio: vishindo vidogo vya miguu mitupu, ta, ta, ta, kama mtoto anayetoka kuogeshwa anavyokimbia sakafuni, vikipita mbele yake juu ya barabara iliyokuwa na joto la kukaangia yai. Na harufu ya lami ikapanda, si ya lami iliyokwisha kukauka siku tatu, bali ile ya sufuria, inayochemka.

Hakumwambia mtu. Jioni akafuta.

Usiku ule Thureya alizidiwa. Walimpeleka hospitali na njiani, walipolipita geti tu, akaanza kupumua vizuri. Daktari akasikiliza kifua, akasema mapafu ni safi. Waliporudi ndani ya geti, kifua kikafunga tena.

Jumatano asubuhi mzee Ghasib alimmiminia kahawa, akampa tende, akamwacha anywe kwanza.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "siku ile unamwaga lami, ulisema nini?"

Muhanna akakumbuka. Alikuwa na simu begani anagombana na muuzaji aliyemletea bolti zisizo saizi, na maneno aliyosema wakati anaiinamisha sufuria ya moto hayasimuliki mbele za watu.

"Sikusema bismillahi, kama ndiyo unayouliza."

"Mimi hata mashapo ya kahawa simwagi hapa bila kupiga hodi. Pana wenyewe hapa. Unadhani miaka yote ile nilikuwa nanong'ona na kamba?"

"Ami, mimi nina wakuu kesho. Nina mudiri. Nina mtoto mgonjwa. Usiniongezee majini!"

"Nimeshakuongezea. Bi Ghaniya, mganga wa Bahla, yuko njiani. Nilijua utakataa, ndiyo maana sikukuuliza."

Saa sita na nusu mashine ikalia, na kabla boriti haijashuka simu ya Muhanna nayo ikalia.

"Rudi," Zuweina alinong'ona. "Amevuta dawa mara tatu, kifua hakifunguki. Muhanna, nimemnyanyua na ni mzito. Mzito kama nimebeba watoto zaidi ya mmoja, na kifuani pake panawaka, na ile harufu inatoka mdomoni mwake."

"Mlete getini! Mlete sasa hivi!"

Bi Ghaniya alishushwa na mjukuu wake wakati huo huo, bibi mdogo wa umbo, mkavu, asiye na salamu ndefu. Aliinama, akaweka kiganja kwenye mstari mweusi barabarani, kisha sikio.

"Mama yao yuko chini analia," alisema. "Mlango wao ulikuwa hapa. Umemfungia yeye ndani, na waliokuwa nje wanacheza umewafungia nje. Mtoto asiye na mlango hufuata jina analoitwa. Hicho chombo chako kinaita jina la nani?"

"Langu, mama."

"Basi wamekwenda kwako. Na mgonjwa wako analaliwa kifuani, kwa sababu mtoto hutafuta pa joto. Nitaomba warudishwe. Lakini nitaomba kwa hesabu utakayonipa wewe, na neno nikishalitoa silirudii, na mlango huu haufunguliwi mara mbili. Walioingia ni wangapi?"

Muhanna alimwona Zuweina anakuja mbio na mtoto begani, kichwa kinaning'inia. Akaona kwenye kioo cha kompyuta mstari mmoja, uleule wa kila siku. Gari namba moja.

"Mmoja, mama! Ni huyo huyo mmoja tu. Haraka!"

Alichukua patasi na nyundo, akaanza kuvunja. Mudiri alitokea na miwani yake, anapiga kelele kuhusu kesho, kuhusu barua ya kufukuzwa, na Muhanna akazidi kuvunja na kuchimbua, mikono inatoka damu, huku anasikia nyuma yake pumzi ya binti yake ikipiga filimbi nyembamba, nyembamba zaidi, na kila kipande cha lami kilichotoka kilikuwa laini na cha moto kama kilichomwagwa muda ule, mpaka patasi ikatumbukia mahali patupu, na kutoka humo hewa ikapanda, ndefu, kama mtu aliyekuwa ameishikilia pumzi siku nne. Bi Ghaniya akainama, akasema maneno yake taratibu, akamaliza kwa kusema, "Mmoja aliingia. Mmoja arudi."

Pi!

Boriti ikanyanyuka. Kompyuta ikaandika: Gari namba moja, limetoka. Vishindo vidogo vikaja kutoka upande wa nyumba, ta, ta, ta, vikafika kwenye ufa, vikakoma.

Thureya akavuta pumzi moja kubwa, akaanza kulia. Muhanna akapiga magoti barabarani akalia naye, mbele ya mudiri na majirani, bila aibu.

"Ziba," alisema Bi Ghaniya. "Mlango haukai wazi."

Akayeyusha lami. Akapiga hodi, akasema bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka kiwandani, akamwaga na kusawazisha. Mzee Ghasib akampigapiga begani. Hata mudiri akasema, "Haya, vizuri."

Bi Ghaniya alikuwa amekwishaondoka Muhanna alipoketi kwenye kompyuta kuandaa orodha ya kuwaonyesha wakuu. Alitaka iwe safi. Akafungua ukurasa wa kumbukumbu zilizofutwa, kwa maana mashine haisahau kitu, unachokifuta hukipaka rangi nyekundu tu na kukiweka kando.

Kulikuwa na mistari mitatu myekundu. Jumapili, limeingia, limefutwa. Jumatatu, limeingia, limefutwa. Jumanne, limeingia, limefutwa. Na kwenye orodha ya kawaida, wa nne, wa leo, ambao hakupata nafasi ya kuufuta.

Alikaa akiitazama mpaka herufi zikaanza kucheza. Mashine haimruhusu aliyemo ndani kuingia tena. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeipanga. Kila jioni, kwa hasira na kwa kuzikimbia honi, alikuwa amebonyeza kitufe na kuacha nafasi kwa mwingine.

Wanne waliingia. Ametoka mmoja.

Alikimbia. Aliipita lami mpya ikiwa bado inatoa moshi. Mlangoni Zuweina alimpokea akitabasamu, kidole mdomoni. "Kimya. Amekula, anacheza."

Thureya alikuwa mkekani, amempa mgongo. Alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni, ameacha mahali pakubwa mkekani, na kwenye sehemu hiyo alikuwa amepanga tende tatu. Akakohoa kidogo.

"Baba," alisema bila kugeuka, "mmoja amekwenda kwao. Hawa wanauliza, wao utawafungulia lini?"